Mtu wa siku ni nani? Historia ya jina moja ku mashamba ya Kivu



Kila mwaka mwezi wa 9, mvua ikianza na saizoni A ikifunguka, wengi kati yetu wanachukua jembe na kwenda kutafuta kazi kwenye shamba la mtu mwingine. Wanalima, wanapalilia, na miezi ingine wanachuma kahawa, wanakata majani ya chai, wanabandua maganda ya kinkina. Jioni wanalipwa, ao wanaandikwa wangoje juma liishe. Halafu siku moja mtu anajikata mguu na panga, ao anaanguka na gunia ku mteremko. Familia inaenda kwa bosi, na jibu linafanana karibu kila mahali: "Huyu hakukuwa mufanyakazi wetu. Alikuwa mutu wa siku tu." Saa ingine wanaongeza neno la Kifaransa: "Alikuwa tasheroni, alijitumikia mwenyewe." Kisha barua ya kuomba msaada inafika kwa shirika letu, na ni kese yetu, hii tunayoijaza sisi wenyewe franka kwa franka, njo inalipa hospitali.

Kwa hiyo swali la nani ni mfanyakazi na nani si mfanyakazi si swali la wanasheria peke yao. Ni swali la kese yetu. Na ni swali lenye historia ndefu. Nimejaribu kuifuata hapa, juu nimeona kitu kimoja ambacho wazee wetu wanakijua lakini hatukisemi wazi: hapa Kivu kazi ya shamba imebadilika kidogo sana kwa miaka mia moja. Jembe ni lilelile, kapita ni yuleyule. Kilichobadilika ni jina la yule anayeshika jembe, na kila mara jina limebadilika kufuata faida ya yule anayelipa.

Neno "kibarua"

Wale waliopitia Nyarugusu ao Lugufu, kule Kigoma, walirudi na neno ambalo hapa Bukavu halikutumika sana: kibarua. Neno lenyewe linaeleza mengi. Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na miji ya pwani, mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi, na wakati wa malipo alikirudisha ili apate feza yake. Pole pole jina la karatasi likawa jina la mtu.

Vibarua wengi wa zamani zile walikuwa watumwa. Bwana alimruhusu mtumwa aende mjini atafute kazi, abebe mizigo ya wafanyabiashara, kisha sehemu ya malipo iende kwa bwana. Ukimtazama njiani ungemwona mtu huru anayejitafutia. Ukimfuata mpaka nyumbani ungejua ukweli. Tukumbuke mambo hayo mawili, juu yatarudi mbele: namna mtu anavyoonekana haitoshi kueleza yeye ni nani, na yule anayeshika karatasi njo anashika malipo.

Mbele ya mashamba makubwa

Huku kwetu Bushi, mbele ya wazungu, ardhi ilikuwa chini ya mwami na wakubwa wake. Mtu aliyetaka shamba la kudumu alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, na kwa kalinzi hiyo alipata haki ya kulima na kuachia watoto wake. Alibaki na madeni ya heshima na ya kazi kwa mkubwa, lakini alikuwa na mahali.

Yule asiyekuwa na ng'ombe alikuwa na njia ingine, bwasa. Bwasa ilikuwa mapatano ya muda mfupi. Unalima kipande cha mtu kwa saizoni moja ao mbili, unalipa kwa kazi ao kwa sehemu ya mavuno, kisha unaondoka. Katika bwasa hukuruhusiwa kupanda mgomba wala kahawa, juu mti unaodumu unaonyesha kama mwenye kuupanda naye anadumu. Maharagwe, ndiyo. Ndizi, hapana. Mgomba ulikuwa sawa na cheti.

Basi hata zamani kulikuwa watu wa kudumu na watu wa saizoni, na si vizuri kuwaambia vijana kama shida yote ilikuja na meli. Lakini tofauti ilijulikana na kila mtu: ilitegemea kitu ulichotoa na muda uliopewa. Hakuna aliyeweza kuamka asubuhi na kusema mtu wa kalinzi ni mtu wa bwasa bila kesi kufika mbele ya wazee.

Wakati jina "mfanyakazi" lilikuwa kamba

Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya mfalme Léopold II ilitangaza kama ardhi "tupu" ni ya Leta. Ardhi iliyopumzishwa, malisho, vilima visivyokuwa na nyumba, vyote viliweza kuhesabiwa kuwa tupu. Miaka mingi nyuma, mwaka 1928, ikaundwa Comité National du Kivu, ile iliyoitwa CNKi, ikapewa nguvu kubwa ya kugawa ardhi ya Kivu kwa makolo na kwa makampuni. Bukavu, ambayo wakati huo iliitwa Costermansville, ikawa mji wa makolo. Kahawa, chai na kinkina vikapandwa kwenye vilima vya Bushi na kando ya ziwa, na kituo cha Mulungu kikafanya utafiti wa mimea hiyo.

Shamba kubwa linataka vitu viwili: ardhi na mikono. Ardhi ilichukuliwa kwa karatasi. Mikono ilikuwa kazi ngumu zaidi, juu mtu mwenye shamba lake la maharagwe na ndizi hana haraka ya kwenda kulimia mwingine kwa makuta kidogo.

Hapo sheria ikasaidia upande mmoja. Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mapatano ya kazi ilisema kama Mwafrika aliyeingia kazi kwa mzungu amefungwa na mapatano, na akiyavunja, kwa mfano akikimbia ao akikataa kazi, anaweza kuhukumiwa kifungo. Si kurudisha feza tu, si kufukuzwa tu: kifungo. Mwaka 1933 dekreti ingine ikaruhusu Leta kuwalazimisha watu wa vijiji kazi mpaka siku 60 kwa mwaka, pamoja na kilimo cha lazima. Mwaka 1942, katikati ya vita ya pili ya dunia, siku hizo zikaongezwa kufikia 120.

Mwaka huohuo wa 1942 Wajapani walichukua kisiwa cha Java, mahali palipotoka karibu kinini yote ya dunia. Majeshi ya washirika yalipigana katika nchi za malaria na hayakuwa tena na dawa. Ghafla maganda ya kinkina ya Kivu yakawa na bei kubwa, na mashamba yakapanuka. Kiwanda cha Pharmakina, ambacho kila mtu wa Bukavu anakijua, ni mtoto wa historia hiyo ya kinkina. Mti wenyewe unangoja miaka mbele ya kutoa maganda mazuri, lakini mikono ya kupanda, kupalilia na kubandua inatakiwa kila mwaka.

Tuangalie vizuri namna mambo yalivyokuwa. Wakati huo hakuna bosi aliyesema "huyu si mfanyakazi wangu". Kinyume chake. Bosi alitaka sana mtu aandikwe kuwa mfanyakazi, awe na kitabu cha kazi, jina lake lijulikane kwa administrateur. Juu gani? Juu mfanyakazi alikuwa mtu anayeweza kurudishwa na askari. Jina lilileta wajibu mingi kwa yule anayelima, na kidogo tu kwa yule anayelipa. Jina lilikuwa kamba.

Majirani wa Kenya

Hatukuwa peke yetu. Kenya inatupatia mfano ulio wazi zaidi, na unatufaa juu unahusu watu waliokaa kwenye ardhi ya bosi, sawa na wengi wetu leo.

Kwenye vilima ambavyo wazungu wa Kenya walivichukua, kulikuwa maelfu ya familia za Waafrika wanaoishi ndani ya mashamba hayo. Walilima kipande chao, walichunga mifugo yao, na kwa malipo ya mahali hapo walimfanyia bosi kazi. Waliitwa maskwota. Je, skwota alikuwa mpangaji, ao alikuwa mfanyakazi? Kama ni mpangaji, iko na haki fulani juu ya kile kipande. Kama ni mfanyakazi, kazi ikiisha anaondoka na sufuria zake.

Sheria ya mwaka 1918 ilitaka skwota afanye kazi kwa bosi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Na sheria ya mwaka 1937, ambayo ilianza kutumika 1940, ikakata maneno: skwota si mpangaji, ni mfanyakazi anayekaa pale kwa sababu ya kazi peke yake. Siku zikaongezwa, mifugo ikapunguzwa, na familia nyingi zilizozaliwa pale zikafukuzwa bila kudai kitu. Wengi kati ya waliofukuzwa walikuwa na hasira iliyozaa vita ya Mau Mau miaka ya 1950.

Kule Kenya basi, kumwita mtu "mfanyakazi" kulikuwa njia ya kumnyang'anya ardhi. Huku kwetu leo, kumkatalia mtu jina la "mfanyakazi" ni njia ya kumnyang'anya matunzo na pensheni. Majina yanapingana, lakini mkono unaoandika ni wa upande uleule.

Jina linageuka

Uhuru ulipofika, jina lilianza kupata uzito upande wa mfanyakazi. Tarehe 29 Juni 1961 ikatoka sheria ya usalama wa jamii, iliyozaa INSS. Mwaka 1967 ikatoka Kodi ya Kazi, na haikutenga tena mtu mweusi na mweupe. Tangu hapo, kumwandika mtu kuwa mfanyakazi kulimaanisha kumlipia mchango, kumpatia likizo, kumtunza akigonjwa, kumpa taarifa mbele ya kumwachisha. Kamba ilianza kumfunga bosi naye.

Lakini ardhi ilikuwa inaenda njia ingine. Sheria ya Bakajika ya 1966, kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, zilisema kama udongo wote ni wa Leta, na mtu anapata haki kwa cheti. Kalinzi haikuwa cheti. Mwezi wa 11 mwaka huohuo wa 1973 Mobutu akatangaza zairianizasio, na mashamba ya wageni yakagawiwa kwa wakubwa wa nchi. Wengi kati ya mabosi wapya hawakujua kahawa wala chai. Mashamba mengi yakakosa matunzo, mengine yakageuzwa malisho ya ng'ombe, na ng'ombe hawataki mikono mingi. Mwaka 1989 mapatano ya dunia juu ya viwango vya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na shamba la kahawa likawa mzigo hata kwa mwenye nalo.

Katika miaka hiyo neno salongo, ambalo Mobutu alilitumia kwa kazi ya pamoja ya kusafisha barabara na mitaro, likapata maana ya pili kwenye mashamba ya Kivu. Familia isiyokuwa na ardhi inapewa kipande ndani ya shamba la bosi. Hailipi feza. Inalipa siku: mbili ao tatu kila juma, kwa bosi, chini ya kapita. Mwenyewe anaita hiyo kukodi. Lakini anayehesabu siku ni kapita, anayesema leo tunapalilia wapi ni kapita, na siku usipokuja ni kapita anayekufukuza. Ni swali la skwota wa Kenya limerudi kwa jina lingine, miaka 40 ao 50 nyuma.

Ukiunganisha hayo yote unaona namna jina lilivyogeuka. Siku ambayo kuitwa mfanyakazi kulianza kuwa na faida kwa mfanyakazi, njo siku mabosi walianza kutafuta majina mengine: mtu wa siku, mtu wa salongo, tasheroni, msaidizi.

Vita na kurudi

Nyuma ya 1996 wengi kati yetu walivuka ziwa Tanganyika. Tanzania iliwapokea, na hatusahau wema huo. Lakini kwenye kambi za Kigoma mkimbizi hakuruhusiwa kuvuka kilomita 4 bila kibali. Hata hivyo watu walitoka kwenda kulimia wanakijiji, kwa chumvi, kwa mahindi, kwa shilingi kidogo. Hakuna aliyeweza kudai akidhulumiwa, juu kudai kulikuwa sawa na kukubali kama ulitoka bila ruhusa. Kwa miaka kumi hivi, vijana wetu walijifunza kwamba kazi ya shamba haina karatasi na haina mahali pa kulalamika.

Tangu 2005 boti za HCR zilianza kurudisha watu Baraka, na wengine wakaendelea mpaka Uvira na Bukavu. Walikuta mashamba yao yana watu wengine, ao mipaka imesogea, ao mzee aliyejua mipaka amekufa. Mtu aliyerudi bila shamba, bila ng'ombe wa kalinzi wala cheti cha Leta, anabaki na mikono. Aliingia tena kazi ya siku, na alipoambiwa "wewe si mfanyakazi" hakushangaa, juu alikuwa amezoea kusikia hivyo nje ya nchi. Kwa muono wangu, mazoea hayo yanatugharimu kuliko sheria mbaya. Sheria yenyewe si mbaya hivyo.

Sheria ya 2002 inasema nini

Kodi ya Kazi tunayotumia ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Haiangalii jina. Inaangalia mambo matatu: mtu anatoa kazi yake, analipwa, na anaifanya chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Mapatano yanaweza kuwa ya kuandikwa ao ya mdomo. Haisemi kama lazima ulipwe kwa mwezi. Anayelipwa kwa kilo za kahawa anaweza kuwa mfanyakazi sawa na yule wa ofisi.

Tasheroni naye ana maana yake. Tasheroni wa kweli anapatana na bosi bei ya kazi nzima, anatafuta watu wake mwenyewe, anawaongoza, anawalipa, na faida ao hasara ni yake. Mama anayekuja na jembe moja, saa inayotajwa na kapita, kwenye mstari alioonyeshwa na kapita, si tasheroni hata wakimwita hivyo mara mia.

Na juu ya mtu wa siku, kifungo cha 40 cha sheria hiyo kina hesabu ambayo kila memba anapashwa kuijua. Mtu akiajiriwa siku kwa siku, akiwa amekwisha kufanya siku 22 za kazi katika miezi miwili, na akachukuliwa tena mbele ya miezi hiyo miwili kuisha, anahesabiwa kuwa ameajiriwa kwa muda usio na mwisho. Tupige hesabu. Mama anayepalilia siku 3 kila juma, kwa majuma 8, amefanya siku 24. Amepita 22. Akichukuliwa tena wakati huo, kwa sheria si mtu wa siku tena. Yule wa siku 2 kwa juma anafika 16, hajafika bado. Tofauti kati ya hao wawili ni siku moja kwa juma, lakini mbele ya sheria ni milango miwili tofauti.

Nyuma ya mlango wa kwanza kuna matunzo ya ugonjwa, ambayo ni deni la bosi. Kuna CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS kwa sheria ya 2016, yenye tawi la ajali za kazi. Ule mguu uliokatwa na panga ulikuwa wa tawi hilo, si wa kese yetu.

Sasa mnaelewa juu gani hesabu ya siku ni vita. Kama karatasi moja tu ipo, na kapita njo anaishika, ni rahisi jina la mama kugeuka jina la mume wake juma la 5, ao siku 24 kuwa 19. Wazee wa pwani walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku za kazi nazo ni mali.

Shida hii si ya Kivu peke yake

Marekani, nchi tajiri, ilikuwa na kesi ileile. Kwenye jimbo la California kampuni moja ya kilimo ilitumia familia, nyingi kati yao wahamiaji, kuvuna matango. Kila familia ilitia sahihi karatasi inayosema si wafanyakazi, ni washirika wanaogawana mauzo nusu kwa nusu na kampuni. Mwaka 1989 mahakama kuu ya California iliangalia kazi yenyewe. Ardhi ya nani? Mbegu za nani? Nani anachagua mnunuzi na bei? Familia zilileta mikono tu, na kazi yao ilikuwa sehemu ya kila siku ya biashara ya kampuni. Mahakama ikasema ni wafanyakazi, na kampuni inapashwa kuwa na bima ya ajali kwa ajili yao. Sahihi ya karatasi haikutosha kufuta ukweli wa shamba.

Mwaka 2006 Shirika la Kazi la Dunia (OIT) likatoa pendekezo namba 198 lenye wazo lilelile: angalia kwanza matendo, yaani kazi inafanywa namna gani na inalipwa namna gani, kisha jina. Hakimu wa California na sheria yetu ya 2002 hawakuambizana, lakini wanauliza swali moja.

Upande wa pili

Tuwe wa kweli. Si kila mtu anayelimisha ni bosi. Jirani anayetafuta watu wawili kwa siku mbili ili mbegu zisichelewe mvua, yeye mwenyewe ni maskini, na mwaka kesho pengine ni yeye atakayekuja kukulimia. Kati yetu wanamemba wamo wanaolimisha hivyo. Kumpeleka huyo kwa mkaguzi wa kazi ni kuharibu ujirani bure, na siku zake mbili haziko karibu na 22.

Tena wako wanaopenda kazi ya siku. Mama anasema: "Mimi nataka siku tatu kwa bosi, siku tatu ku shamba langu. Nikifungwa na kazi ya kila siku, watoto watakula nini?" Ana haki. Lakini sheria haimkatazi uhuru huo. Inasema tu kama siku zake zikifika kiasi fulani kwa bosi mmoja, bosi huyo naye ana deni. Na wako wanaoogopa: nikihesabu, watachukua mwingine. Woga huo una sababu, juu mikono ni mingi na kazi ni kidogo. Mtu mmoja akihesabu peke yake anafukuzwa. Shirika likihesabu, si rahisi kufukuza shirika.

Tunachoweza kufanya

Napendekeza mambo manne, yote ya bei kidogo.

La kwanza, kila memba anayefanya kazi ya siku awe na kaye. Kila jioni aandike tarehe, shamba gani, kazi gani, kapita gani, malipo gani. Asiyejua kuandika amwombe mtoto anayesoma. Sheria inamruhusu mfanyakazi asiyekuwa na mapatano ya kuandikwa kuyaonyesha kwa njia yoyote ya ushahidi. Kaye iliyoandikwa kila siku, pamoja na wenzako wawili walioandika siku zilezile, ni ushahidi wenye uzito.

La pili, kila kikundi kiwe na kaye moja kubwa, na katibu wa kikundi aijaze kila siku ya posho kwa kusoma za wanamemba. Kaye ya mtu inaweza kulowa mvua ao kupotea. Ile ya kikundi inabaki.

La tatu, kese isilipe hospitali ya ajali ya shamba mbele ya kutazama hesabu ya siku. Sisemi tumwache mgonjwa. Tulipe ikiwa ni lazima, lakini tuandike kama ni deni, na tumwandikie bosi kwa heshima kumkumbusha. Mara nyingi barua moja yenye hesabu safi inatosha kufungua mazungumzo.

La ine, mazungumzo yakishindikana, kesi ya kazi inaanzia kwa mkaguzi wa kazi, ambaye anajaribu kupatanisha, na kisha tu mahakamani. Tusikawie: kudai mshahara ambao haukulipwa kuna muda wa mwaka mmoja tu tangu siku ulipopashwa kulipwa. Wengi wanafika miaka miwili nyuma wakiwa na haki yote na hawana tena njia.

Katika mkutano mkuu ujao kila kikundi kilete kaye yake, hata kama ina kurasa tatu tu. Tutazisoma pamoja na kuhesabu nani amefika siku 22 bila kujua. Wanaotoka mbali walete pia majina ya mashamba yenye salongo na siku zinazodaiwa kila juma, juu hayo nayo hatujayaandika mahali popote.